Trei za mayai hazitaokoa santuri yako

Imekuja tena wiki hii. Picha ya WhatsApp: chumba cha ghorofa ya pili pale Mafiati, Mbeya, kuta zote nne zimebandikwa trei za mayai mpaka darini, na katikati mashine ya kuchongea santuri, ile inayoandika muziki kwenye santuri tupu kwa sindano, imekaa juu ya meza ya kompyuta. Kila mguu wa meza umekanyaga kipande cha godoro. Ujumbe: "Shikamoo kaka. Chumba kiko tayari, nimesahau nini?"

Sakafu, mdogo wangu. Umesahau sakafu.

Simlaumu peke yake. Enzi za bendi, Radio Tanzania ilirekodi kwenye mikanda Dar es Salaam na santuri nyingi zikatengenezwa Nairobi, kwa hiyo huku kwetu hakuna mzee wa kumuuliza mashine hizi zinakaaje. Vijana wanaozileta sasa wametokea kwenye studio za kurekodia, na studio ya kurekodia inapambana na kelele za hewani: jogoo wa jirani, bodaboda, kwaya ya mtaa wa pili inayofanya mazoezi Jumamosi. Mtu huyo akipata mashine ya kuchonga anahama na adui wake wa zamani, anamjengea ngome ukutani, na hamuoni huyu mpya anayeingilia miguuni.

Nimalizane na trei haraka. Trei ya mayai ni karatasi nyepesi. Inapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, basi. Haizuii sauti kupita, kwa sababu kinachozuia sauti kupita ni uzito wa ukuta na kuziba mianya. Ukuta wa tofali za kuchoma uliopigwa lipu pande zote mbili unafanya tayari kazi ambayo trei elfu moja hazitaiweza. Kwa sauti nzito ndiyo kabisa: wimbi la Hz 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita 3, litamezwaje na karatasi ya kina cha sentimita 5? Ukitaka kuhangaika na hewa, ziba uwazi ulio chini ya mlango, kisha punguza spika zako wakati wa kuchonga, maana hizo ndizo zinazorudisha besi kwenye kichwa cha kuchongea kikiwa kazini. Mimi nasikiliza kwa hedifoni.

Halafu kuna jambo ambalo silifanyii utani. Ukichonga santuri za laka, zile za alumini zilizopakwa laka juu, ule uzi mwembamba unaotoka kwenye sindano ni nitroselulosi, ukoo mmoja na baruti. Unashika kwa cheche ndogo, na kwa kuwa una oksijeni ndani yake wenyewe, kuufunika na blanketi hakuuzimi; dawa yake ni maji mengi. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kule Banning, California, kimoja kati ya viwili vilivyokuwa vimebaki duniani vya kutengeneza santuri ghafi za laka, kiliteketea. Wewe umechukua uzi huo, sindano yenye waya wa kuipasha moto, na kuta nne za karatasi kavu, ukaviweka chumba kimoja. Trei zitoke leo. Nyuzi ziishie kwenye chombo chenye maji, na chombo kimwagwe kila unapomaliza kazi. Na Julai, baridi ya Mbeya ikikaza, usiingize jiko la mkaa humo ndani hata kwa dakika tano.

Sasa turudi chini.

Mfereji wa santuri ya 33⅓, inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika, una upana wa takriban maikroni 50, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko huo. Sauti ya Hz 1,000 ikichongwa kwa mwendo wa sentimita 5 kwa sekunde, kiwango ambacho wengi wetu tunakitumia kama kipimo cha kuanzia, inaipeleka sindano maikroni 8 tu kila upande. Muziki wote unaishi kwenye nafasi hiyo. Juu yake kuna mkunjo wa RIAA, kanuni ya kupanga besi na sauti nyembamba iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954: wakati wa kuchonga tunapunguza besi na kuongeza sauti nyembamba, na pleya inafanya kinyume wakati wa kucheza. Kwenye Hz 20 pleya inanyanyua sauti kwa desibeli 19 hivi kuliko kwenye Hz 1,000, yaani karibu mara 9. Besi ya wimbo ilipunguzwa kabla ya kuchongwa, kwa hiyo inarudi tu mahali pake. Mtikisiko wa lori haukupunguzwa na mtu. Umeingia kwenye mfereji jinsi ulivyo, na pleya inaunyanyua mara 9 bila kuombwa.

Hapa ndipo ninapochoshwa kwa mara ya pili, maana aliyenielewa mpaka hapa huruka moja kwa moja kusema, "Kumbe mashine haitakiwi kutikisika." Si hivyo. Mashine ikitikisika yote kwa pamoja, sahani inayobeba santuri, reli ambayo kichwa kinasafiria, kichwa chenyewe na sindano vikapanda na kushuka kwa wakati mmoja na kwa kiasi kimoja, hakuna kinachoandikwa. Kinachoandikwa ni tofauti: sindano imekwenda maikroni moja na santuri haikwenda nayo. Ndiyo maana mashine za zamani za Scully na Neumann ni chuma kizito kilichoungana. Hawakutafuta uzito ili zisiibiwe. Walitaka kila kipande kisogee na mwenzake. Na ndiyo maana meza ya kompyuta ya mbao za kubandika ni tatizo hata ungeipeleka katikati ya Usangu kusiko na gari: meza inajipinda, motor inayumba upande huu, reli inayumba upande ule.

Sasa angalia mashine yako imelegea wapi. Kichwa cha kuchongea hakijafungwa kwa bolti. Kimening'inia kwenye egemeo, kinabebwa na springi, ili kiweze kuifuata santuri isiyonyooka vizuri. Sakafu ikipanda ghafla, sahani inapanda nayo papo hapo, kichwa kinachelewa. Mfereji unazama. Sakafu ikishuka, mfereji unakuwa wa juujuu. Na kwa kuwa ncha ya sindano ina pembe ya nyuzi 90 au karibu na hapo, kila maikroni moja ya kina ni maikroni mbili za upana. Ukiona kwenye hadubini mfereji unanenepa na kukonda pasipo na muziki, hiyo ni sakafu.

Kwenye stirio, mwendo wa juu na chini ni sehemu ya sauti yenyewe. Tofauti kati ya kushoto na kulia inaandikwa huko. Mono inaandikwa kwa mwendo wa pembeni, na kichwa cha mono cha kusomea hakijali juu na chini. Kwa hiyo unaweza kukutana na mtu anayechonga mono ghorofani miaka yote na anaapa kwamba habari za sakafu ni hofu za bure. Kwa santuri zake, yuko sahihi. Usibebe ushauri wake kuupeleka kwenye stirio yako halafu uje kunililia mimi.

Godoro, basi.

Imani yenyewe iko hivi: mtikisiko ni kitu kigumu, kwa hiyo ukiweka kitu laini katikati, unakwama. Sponji, soli za kandambili, mazulia mawili, godoro. Lakini kitu laini kilichobeba uzito kimeshakuwa springi, na springi yenye uzito juu yake ina mdundo wake wa asili. Mtikisiko wa polepole kuliko mdundo huo unapita wote. Unaolingana nao unakuzwa. Kuzuia kunaanza pale mtikisiko unapokuwa na kasi ya mara 1.4 ya mdundo huo, na kuzuia kwa maana, kwa kusikika, ni kuanzia mara 3 hivi. Mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani analijua hili: hatua zake zikioana na mchezo wa maji, yanamwagika, akibadilisha mwendo, ndoo ni ile ile na njia ni ile ile, maji yanatulia.

Mdundo huo unaupima kwa rula. Angalia springi imebonyea kiasi gani baada ya kuwekewa mashine. Milimita 1, mdundo ni Hz 16 hivi. Milimita 10, Hz 5. Milimita 25, Hz 3. Malori yanayokwenda Tunduma yanatikisa ardhi zaidi kati ya Hz 5 na 25. Mpira mgumu uliobonyea milimita moja umekaa katikati ya eneo hilo, kwa hiyo umejenga amplifaya ya malori kwa gharama zako mwenyewe. Godoro nalo likishabanwa na uzito wa mashine mpaka likalala kabisa, si laini tena. Hata lisipolala, hesabu ya rula inalipendelea: sponji na mpira vikitikiswa vinakuwa vigumu kuliko vinavyoonekana vikiwa vimetulia. Rula ikisema Hz 5, mimi nahesabu 8 na naendelea na maisha.

Ninachotumia mimi ni tyubu za toroli. Chekeni, halafu tuendelee. Chini kuna kiguzo kifupi cha tofali za kuchoma kilichojazwa mchanga katikati, juu yake tyubu tatu zenye upepo kidogo sana, juu ya tyubu bamba zito la granaiti, masalio ya meza ya jikoni ya mtu, na juu ya bamba ndipo mashine. Upepo ni springi laini isiyolala, na uzito wa bamba ndio unaoshusha mdundo chini. Uzito huo una kazi nyingine ambayo watu wanaisahau: kichwa kinaposafiri kutoka ukingoni kwenda katikati ya santuri, uzito wa mashine unahama, na bamba jepesi litainama nao taratibu. Adhabu ya tyubu ni kwamba zinavuja. Kila siku ya kazi unaanza kwa pampu na pima maji. Kama tatu ni bora kuliko moja kubwa, kwa kusawazisha ni bora bila ubishi. Kwa kuzuia mtikisiko siwezi kuapa kwamba nimewahi kusikia tofauti.

Vitabu vinapenda zaidi msingi uliotengwa: kata jamvi (zege la sakafu), chimba, mwaga bonge la zege peke yake, acha uwazi kuzunguka pande zote ili lisigusane na sakafu. Ukiwa unajenga, fanya. Litakutenga na hatua za watu, mlango unaobamizwa, friji, mtoto anayeruka kamba ukumbini. Kwa malori, imani yangu ni ndogo kuliko ya vitabu. Mtikisiko wa Hz 10 kwenye udongo laini unasafiri kama mita 150 hadi 200 kwa sekunde, maana yake wimbi moja lina urefu wa mita 15 hadi 20. Bonge lako lina upana wa mita moja. Wimbi linalibeba bonge, jamvi, kuta na choo cha nje kwa pamoja, na ule uwazi wa sentimita 5 hauhusiki. Nimeona watu wakitumia mifuko ya saruji na nondo za kutosha chumba kizima kwa ajili ya bonge, halafu lori linasikika pale pale. Hawapendi kulizungumzia, na ninawaelewa.

Kwa malori ninaziamini dawa mbili, umbali na saa. Umbali: ondoka kando ya barabara kuu na reli ya TAZARA, panda upande wa mlima Loleza, au kama una shamba la familia ndani huko Rungwe au Mufindi, jiulize kwa nini uko mjini. Makambako, ambako barabara kuu na reli vinakutana, ni mji mzuri wa kununulia mahindi. Saa: chonga baada ya saa sita usiku, na hata hapo uwe tayari kusubiri. Mashine ya kusaga ya jirani ni mbaya kuliko lori, kwa sababu lori linapita na kinu kinabaki. Ila kinu kinafunga jioni, na mwenye kinu ni mtu wa kusalimiana naye. Nenda na soda, muulize ratiba yake.

Ghorofani je? Slabu ya juu inacheza zaidi katikati, na ndiko kila mtu anakoweka mashine ili picha itoke vizuri. Isogeze kwenye kona ambako kuta zilizobeba jengo zinakutana. Ukuta ukiwa wa tofali nzima, fremu ya chuma iliyofungwa ukutani inashinda meza iliyosimama sakafuni. Na chonga mono, kwa sababu nilizotoa juu.

Kabla ya kununua chochote, pima. Usiniletee habari ya glasi ya maji isiyotetema. Maikroni moja ya mtikisiko maji hayatakuonyesha. Chukua pleya ya kawaida, iweke mahali unapotaka mashine ikae, weka santuri, usiizungushe, shusha sindano juu yake na urekodi kwenye kompyuta usiku kucha na mchana kutwa. Spika zizimwe, vinginevyo zitaanza kulia zenyewe. Sindano iliyosimama ni sikio zuri sana la sakafu. Fungua rekodi kwenye programu inayoonyesha frikwensi. Mstari karibu na Hz 24 ni motor ya umeme inayozunguka mahali fulani, mara nyingi kinu. Mistari ya Hz 50 na 100 karibu kila mara si sakafu, ni umeme, kagua waya wa eathi kabla hujavunja jamvi. Mavimbe yanayokuja na kupita ni magari. Kitu kimoja cha kuwa mwangalifu nacho: mkono wa pleya una mdundo wake wenyewe, kwa kawaida kati ya Hz 8 na 12, kwa hiyo hapo utaona mlima hata kwenye nyumba tulivu. Usiogope mlima. Linganisha mlima wa saa nane usiku na wa saa nane mchana, tofauti yao ndiyo habari. Kuna usiku ambao sijui nipime vipi tena: hakuna gari, hakuna kinu, tyubu zimejaa sawa, na bado kuna ngurumo kwenye mfereji. Huwa nazima kila kitu nalala. Asubuhi mara nyingine haipo.

Mengine kwa haraka.

Pima maji ya fundi mwashi inaonyesha nusu milimita kwa mita ikiwa nzima. Kwa reli ya kichwa hiyo haitoshi. Nenda kwa fundi wa mashine ya kukereza vyuma akuazime ya kwake, ile ya milimita 0.02 kwa mita. Atakuja nayo mwenyewe, hawaziachi, na wana haki.

Umeme. Ukinunua mashine ya zamani ya Presto kutoka Marekani, motor yake huenda inafuata Hz 60, na TANESCO inakupa volti 230 za Hz 50. Transfoma inabadilisha volti. Haibadilishi Hz. Stabilaiza pia haibadilishi Hz, hata muuzaji akikuapia kwa jina la marehemu bibi yake. Motor ya aina hiyo itazunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake, na sahani ya 33⅓ itakwenda 27.8. Ukichonga kwaya hivyo, halafu mteja akaicheza kwenye pleya nzima, wimbo wote unapanda nusu-sauti tatu na mzee wa sauti ya nne anaimba na vijana. Badilisha puli, au tafuta kifaa cha kielektroniki cha kuzalisha Hz 60 kwa ajili ya motor.

Pampu ya kufyonzea uzi ikae nje ya chumba, kwenye boksi lake, na kipande cha mwisho cha bomba kiwe laini, kwa sababu bomba gumu linaleta mtikisiko wa pampu moja kwa moja kwenye kichwa. Kama mashine yako inashikilia santuri kwa kufyonza, kumbuka Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi. Hewa ya huku inasukuma kwa asilimia 80 hivi tu ya ile ya Dar, kwa hiyo pampu nzima kabisa haitafikia namba zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Usiirudishe dukani.

Baridi: washa mashine mapema, iache izunguke bila kazi mpaka mafuta ya beringi yalainike, na santuri ghafi zilale chumba hicho hicho, zisitoke stoo asubuhi na kuingia kwenye sindano. Santuri ya plastiki ipashwe na taa kabla na wakati wa kuchonga. Kiangazi, Agosti mpaka Oktoba, hewa ikikauka, uzi unaogopa bomba na kung'ang'ania santuri kwa umeme tuli. Tandaza taulo zilizoloweshwa chumbani, usitumie ufagio. Piga deki jioni, funga mlango, acha vumbi litue, ndipo ufungue pakiti ya santuri.